MAJINA YA MADHEHEBU NA UMOJA WA KANISA

Katika sherehe hii ya Jubilei wako waulizao: Ikiwa Bwana ni mmoja, mbona makanisa yana majina mengi? Je, si heri tuyaache yote, tuitwe Wakristo tu? Ili tujibu, yatupasa kuyakumbuka mambo ya Kikuyu.

Mwezi wa Juni, mwaka 1913, wamisioni wa Kianglikana, wa Kiskoti, wa Kimethodisti na wa Africa Inland Mission walikutana Thogoto, katika nchi ya Kikuyu. Neno lililowasumbua ni hili: kila misioni ilikuwa na eneo lake, na Mkristo aliyehama alijikuta mgeni mbele ya Meza ya Bwana, ingawa amekwisha kubatizwa. Wakafanya shauri la kushirikiana. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa akaongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakapokea pia.

Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliposikia, alimshitaki Peel pamoja na Willis, Askofu wa Uganda, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson. Nasi tusimdharau Weston. Yeye aliona ya kuwa umoja pasipo kupatana juu ya uaskofu na sakramenti ni nyumba isiyo na msingi. Wenziwe waliona kondoo watangatangao. Jibu la mwaka 1915 halikuwaridhisha wote.

Walakini mwaka 1918 misioni ziliunda Muungano, na mwaka 1926 shule ya Alliance High School ikafunguliwa pale pale Kikuyu. Nako India ya Kusini, mwaka 1947, Waanglikana, Wamethodisti, Wapresbiteri na Wakongregesheni wakawa kanisa moja, lenye jina la nchi yao. Lakini mashauri yao yalianza mwaka 1919.

Basi, kufuta jina mlangoni ni kazi ya siku moja. Kupatana mezani ni kazi ya miaka mingi. Huko Korintho Mtume Paulo aliwakemea waliojigawa kwa majina ya walimu, na waliojiita wa Kristo akawataja pamoja nao. Maana hata jina jema laweza kutumiwa kwa kubagua.

Enyi walimu, jina la dhehebu na liwe kama jina la ukoo: latuonyesha tulikolelewa, wala lisituzuie kumpokea ndugu ajapo na cheti cha ubatizo cha kanisa jingine.