Mamlaka ya Mahakama Juu ya Ada za Mawakili Katika Mashauri ya Kundi Nchini Marekani

Katika shauri la kundi, wadai wachache hushtaki kwa niaba ya maelfu ya watu ambao hawajawahi kuonana na wakili wala kuafikiana naye malipo. Mara nyingi ada yake hukatwa kwenye fedha zilizopatikana kwa ajili ya wote, hivyo masilahi yake na yao hugongana. Ndiyo maana Kanuni ya 23(h) ya mahakama za shirikisho, iliyoongezwa mwaka 2003, inamruhusu jaji kuidhinisha ada ya kiasi cha haki tu, hata pale pande zote mbili zimekwisha kukubaliana.

Wakili huwasilisha maombi, wanakundi hutaarifiwa, na yeyote miongoni mwao anaweza kupinga. Jaji hupima ada kwa asilimia ya fedha zilizopatikana, au kwa saa za kazi zilizozidishwa kwa kiwango kinachostahili, kisha hulazimika kueleza sababu za uamuzi wake.

Kuponi ndizo zilizozua malalamiko makali: wadai walipewa punguzo la bei ambalo wengi hawakulitumia, ilhali wakili alilipwa fedha taslimu. Sheria ya mwaka 2005 iliagiza kwamba ada inayotokana na thamani ya kuponi ikokotolewe kwa zile zilizotumika tu.