Edward Thomas na Safari ya Machipuko

Ijumaa Kuu ya mwaka 1913 Edward Thomas alitoka London kwa baiskeli kwenda kuyalaki majira ya machipuko. Alikuwa mtu wa miaka 35, mwenye kuishi kwa kalamu: kazi nyingi, ujira haba. Alifuata njia za vijijini za Surrey, Hampshire na Wiltshire hata vilima vya Quantock, Somerset. Baiskeli ilimfaa, yapita miguu kwa mwendo, lakini humwacha mpandaji asikie ndege na asome maandishi ya makaburini.

Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1914. Ni nathari, na baadhi ya kurasa zake, kusema kweli, huchosha. Lakini Robert Frost, mshairi wa Marekani, alisikia mashairi ndani yake, akamhimiza ayatunge. Thomas alianza Desemba ya mwaka ule, Vita Kuu vikiwa vimekwisha zuka, akatunga zaidi ya mashairi 140 kwa muda wa miaka miwili hivi. Mwaka 1915 alijiunga na jeshi kwa hiari. Aliuawa Arras, Ufaransa, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 1917. Diwani yenye jina lake halisi ilichapishwa baadaye mwaka huo huo.