Stesheni ya Lumbwa: jina tulilobandikwa

Hapa Mogogosiek utasikia bodaboda na lori la kiwanda likipanda na majani. Treni hutasikia. Reli haijawahi kufika huku, wala mji wa Kericho haijaufikia. Lakini historia ya chai ya Kericho imepitia stesheni moja ndogo, na hiyo stesheni vijana wengi hawaijui.

Reli ya Uganda ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, na Desemba 1901 ikagusa ziwa pale Kisumu. Wafanyakazi kama 32,000 waliletwa kutoka India, na 2,498 wakafia kazini. Ukishuka kutoka Mau, kabla ya Fort Ternan, Waingereza waliweka stesheni wakaiita Lumbwa.

Sasa Lumbwa ni nani? Ni sisi Wakipsigis! Ila hatukujiita hivyo. Ni jina la Wamaasai kwa watu wanaolima, na lilikuwa na dharau ndani yake. Mzungu alilisikia kwa wengine, akaliandika kwenye ramani na kwenye ubao wa stesheni. Hakuna aliyemuuliza mwenye boma anaitwaje.

Hata kazi ya ile stesheni haikupangwa kwa ajili ya mwenye boma. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iliwatengea maofisa Waingereza waliojeruhiwa vitani ekari 25,000 pale Kericho, walime kitani. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Maofisa walishuka Lumbwa na mizigo yao, wakamalizia safari kwa mikokoteni ya maksai. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa. Je, ardhi ilirudi kwa wenyewe? Wapi! Miaka ya 1920 zikaingia Brooke Bond na James Finlay na chai. Masanduku ya chai yakapelekwa kupakiwa Lumbwa, yakateremka hadi Mombasa, yakavuka bahari.

Baada ya uhuru jina likabadilishwa, leo ni Kipkelion. Wakulima wadogo nao wakapata nafasi kupitia KTDA, iliyoundwa 1964. Hayo ni mambo mazuri, siyakatai. Lakini angalia chai yetu inavyokwenda mnadani Mombasa: inakwenda kwa lori, na gharama ya safari lazima mtu ailipe. SGR iliishia Naivasha 2019. Reli ya zamani ilikarabatiwa, treni ya abiria ya Kisumu ikarudi Desemba 2021, na njia yake ni ile ile ya Kipkelion.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Tumebadilisha ubao, tumeacha swali. Mwanasiasa akija kutuahidi reli, tusipige makofi kwanza. Tumuulize stesheni itakaa wapi, na nani atapakia mzigo wake pale. Mwaka 1901 wazee wetu hawakupewa nafasi ya kuuliza. Sisi tunayo.

Na kama nyumbani kwenu kuna guka au gogo anayekumbuka Lumbwa, aliyebeba masanduku au aliyepanda treni pale, kaa naye jioni moja, umrekodi kwa simu. Ubao wa zamani ulitoka, na wanaoukumbuka wanazidi kupungua.