Jina la Tatu: Nasaba, Daftari na Kitambulisho katika Kinondoni na Temeke

Fomu nyingi zinazojazwa katika ofisi za serikali za mitaa za Mbagala, Tandika, Manzese au Magomeni huwa na nafasi tatu za majina, na katika baadhi yake nafasi ya tatu imeandikwa "jina la ukoo". Maneno hayo hupita bila kuulizwa. Hata hivyo, kwa wakazi wengi wenye asili ya pwani, kinachojazwa hapo si jina la ukoo bali ni jina la babu mzaa baba. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba jina la ukoo, kwa maana ya jina moja linaloshuka kutoka kizazi hadi kizazi bila kubadilika, halikuzaliwa katika mila za wenyeji wa Dar es Salaam. Lilizaliwa daftarini, na tofauti iliyopo kati ya daftari na namna watu wanavyojitambua imeendelea kuwagharimu, hasa mtu anapofariki na mali yake ikahitaji kupata wenyewe.

Utaratibu wa pwani ulikuwa wa mnyororo. Mtu alipewa jina lake, likafuatiwa na la baba, kisha la babu, yakiunganishwa kwa "bin" au "binti". Ndivyo alivyoitwa Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar aliyeanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Maneno hayo ya kuungia yalipoachwa katika maandishi, yalibaki majina matatu yaliyopangwa bila kiungo, yenye sura ya jina la Kizungu lakini kanuni tofauti kabisa. Ikiwa Hamisi Juma Mrisho atapata mwana na kumwita Salehe, mtoto huyo ataitwa Salehe Hamisi Juma, na jina la Mrisho litakuwa limedondoka. Mnyororo husogea kila kizazi. Mwanamke naye huolewa na majina yake na huzikwa nayo. Rais Samia Suluhu Hassan ana jina la baba yake na la babu yake; binti yake, Wanu Hafidh Ameir, ana ya baba na babu wa upande wake. Mama na mwana hawashiriki hata jina moja, na hakuna mtu wa pwani anayeona ajabu.

Jina la kwanza ndilo lililobeba maana. Mwajuma alizaliwa Ijumaa, Jumanne siku yake, Ramadhani na Shabani katika miezi yao, na Chausiku usiku. Mosi, Pili na Tatu huhesabu uzao. Kulwa na Doto, majina ya pacha yaliyoletwa na Wasukuma na Wanyamwezi, sasa hupewa pacha wa kila kabila jijini. Tabu, Shida na Mashaka hutunza kumbukumbu ya hali ya nyumba siku mtoto alipozaliwa. Lakini majina yalipanga watu pia kwa madaraja. Katika karne ya 19 watumwa waliitwa majina kama Mabruki, Faraji, Feruzi, Almasi au Baraka, mengi yakiwa ya heri au ya vito, na badala ya nasaba yao yalifuatiwa na la bwana wao. Aliyetekwa bara alinyang'anywa mnyororo wote wa baba na babu. Utumwa ulipofutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, kujipatia jina la baba lilikuwa ni suala la kuhesabiwa miongoni mwa waungwana. Ndiyo maana historia ya majina ya mji huu haiwezi kuandikwa kwa kuuliza maana ya kamusi peke yake. Yapo majina mazuri sana ambayo wazee walifanya kila jitihada kuyaacha.

Wazaramo, wenyeji wa sehemu kubwa ya maeneo haya, wanaleta tatizo jingine. Wao huhesabiwa miongoni mwa jamii za mashariki mwa Tanzania ambazo ukoo hufuata upande wa mama, sawa na Waluguru na Wakwere. Kwa hiyo Mzaramo anayeandika jina la babu mzaa baba kwenye nafasi ya "ukoo" huandika, kwa mujibu wa mila yake mwenyewe, jina la mtu wa ukoo mwingine. Uislamu ulisisitiza nasaba ya baba, na fomu ikamaliza kazi. Upande wa mama umesalia katika mambo ambayo karani hayaoni. Hata katika talkini, inaposomwa kaburini, marehemu mara nyingi huitwa kwa jina la mama yake.

Serikali ya kikoloni ilihitaji majina kwa sababu ya kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, na Waingereza wakaweka sheria yao ya kodi ya kibanda na ya kichwa mwaka 1922. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu haikuwalazimisha Waafrika. Hivyo Mwafrika wa mjini aliingia katika maandishi kupitia stakabadhi ya kodi, orodha ya askari, kitabu cha ubatizo au daftari la shule, na kila karani aliandika alivyosikia.

Familia ya Sykes inaonesha hali hiyo vizuri. Sykes Mbuwane alikuwa askari wa Kizulu aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji. Mwanawe, aliyezaliwa mwaka 1894, akapewa jina la Kijerumani, Kleist, akalelewa katika nyumba ya Affande Plantan, na kwa muda akajulikana kama Kleist Plantan. Baadaye alirejea kwa baba yake, na wanawe Abdulwahid, Ally na Abbas wakabaki na Sykes. Jina la kwanza la askari mmoja likawa la ukoo, na lile la Mbuwane likapotea katika matumizi ya kila siku. Julius Kambarage Nyerere, aliyehamia Magomeni baada ya kuacha ualimu Pugu mwaka 1955, yuko katika mkondo huo huo. Nyerere ni jina la baba yake, Mtemi Nyerere Burito. Julius lilitokana na ubatizo wa 1943. Kwa kanuni ya mnyororo, wajukuu wasingeitwa Nyerere.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilijenga nyumba za Waafrika Ilala, Temeke na Magomeni, na wahamiaji wa bara wakaongezeka. Miongoni mwao walikuwamo wenye majina ya koo kwelikweli: Massawe na Mushi wa Kilimanjaro, au Wanyakyusa wenye kiambishi "Mwa-" kinachomtaja mhenga. Kwao nafasi ya tatu ilijazika bila shida. Taratibu watu wa pwani nao wakasimamisha mnyororo. Ali Hassan Mwinyi ana jina lake, la baba yake na Mwinyi. Mwanawe, badala ya kuwa Hussein Ali Hassan, ni Hussein Ali Mwinyi. Uturuki ilifanya badiliko hili kwa sheria moja ya mwaka 1934 iliyomtaka kila raia awe na jina la ukoo. Tanzania haikutunga sheria ya namna hiyo. Fomu zilitosha.

Uzito wa jambo hili umeongezeka tangu Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa ilipoundwa mwaka 2008, na zaidi pale usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, mwishoni mwa 2019, ulipoifanya namba ya kitambulisho kuwa ya lazima. Majina yaliyokuwa yakiishi mbalimbali yalilazimika kukutana. Mwanamke anayejulikana Tandika nzima kama Mama Asha anaweza kuwa Mwajuma Salumu kwenye leseni ya makazi, Mwajuma Salumu Pazi benki, na Mwajuma S. Mfaume kwenye kitambulisho, kwa kuwa mwanawe aliyemsaidia kujaza fomu alitaka mama awe na jina la mume. Akiwa hai, tofauti hizo hurekebishwa kwa kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Akifariki, hawezi kuapa tena. Warithi hupeleka maombi katika mahakama ya mwanzo, wakiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi wa mirathi. Waliotia saini muhtasari huo, wajomba, mashangazi, watoto wa mama wadogo, mara nyingi hawana jina la tatu linalofanana.