Bunduki ya Kwanza ya Mtoto wa Eldoret

Wazee wa Marekani wana stori moja hawachoki kuisimulia: bunduki yao ya kwanza ya upepo, ile inayosukuma kirisasi kwa hewa badala ya baruti. Baba alimnunulia Krismasi akiwa na miaka kumi, wakaenda nyuma ya nyumba, akalenga mkebe, na mpaka leo akikumbuka ule mlio anatabasamu. Stori tamu, sikatai. Lakini mtoto wa Eldoret akiisikiliza lazima ajiulize: sasa sisi yetu ilikuwa gani?

Kuna watu wa rika langu wanadhani hatuna historia yoyote hapo. Tunayo, na ni nzito kuliko ya hao wazee.

Tuanze na yao. Kampuni ya Daisy, ambayo jina lake liko kwa karibu kila stori ya hivyo, ilianzia mji wa Plymouth, Michigan, miaka ya 1880. Haikuwa kampuni ya bunduki. Ilikuwa inatengeneza vinu vya upepo vya chuma, vile vya kuvuta maji mashambani. Mkulima akinunua kinu, anapewa bunduki ya upepo kama zawadi. Watu wakapenda zawadi kuliko kinu, na 1895 kampuni ikabadilisha jina kabisa ikachukua lile la bunduki. Kwa hivyo tangu mwanzo hicho kilikuwa kitu cha nyumba yenye shamba. Na ukisema shamba, umeshafika Uasin Gishu.

Mwaka 1908, familia 47 hivi za Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walishuka Mombasa kwa meli, wakapanda treni hadi Nakuru, halafu wakasukumana na magari ya ng'ombe hadi huku juu. Vitabu vingine vinaongea kama hapa palikuwa patupu. Jina la kaunti yetu lenyewe linakataa: Uasin Gishu ni jina la ukoo wa Wamaasai waliochunga hapa. Na Wanandi walikuwa wamepigana na Waingereza tangu 1895, kwa mikuki, ngao na mishale. Hiyo vita ilivunjwa nguvu tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani na Richard Meinertzhagen akampiga risasi. Miaka mitatu tu baadaye, magari ya ng'ombe hayo yanaingia.

Ardhi ikagawanywa kwa namba. Posta ikawekwa shamba namba 64, na ndio maana mpaka leo ukisikia mzee akisema anaenda Sisibo, anamaanisha Eldoret.

Sasa fikiria watoto wawili kwenye uwanda huo mmoja. Mtoto wa setla anakua na bunduki ndani ya nyumba, kifaa kama jembe. Kulenga ni somo la kawaida. Mtoto wa Mwafrika anayefanya kazi kwa hilo shamba hana ruhusa hata ya kuigusa. Bunduki ilihitaji kibali cha serikali, na kibali kwa Mwafrika wa kawaida kilikuwa ndoto.

Si ati watoto wetu hawakujua kulenga. Wavulana wa Kimaasai wakitoka kutahiriwa walikuwa wakiwinda ndege wadogo kwa mishale butu, halafu wanavaa wale ndege kichwani wote waone nani ana jicho. Kulenga kulikuwa na mahali pake kabla ya mzungu yeyote kufika.

Halafu ikaja feya. Kwa insha mwalimu alitaka tuandike manati, lakini mtaani ni feya. Wengi hudhani ni kitu cha mababu tangu zamani. Hapana. Feya inataka raba inayovutika na kurudi, na raba ya hivyo ni ya juzi: Charles Goodyear alipata hati ya uvumbuzi wake 1844, na John Dunlop akaleta tairi la kujazwa upepo 1888. Feya haiwezi kuwa na umri kuliko tyubu. Ilikuja na baiskeli na lori. Yaani mtoto aliyekatazwa bunduki aliokota taka ya gari la mwenye bunduki, akakata tawi la mpera lenye panda, akatoa kipande cha ngozi kwa kiatu kilichokufa, akajitengenezea yake. Bila kibali.

Hii raba haikuishia kwa watoto. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wanajiundia bunduki. Mtutu ni bomba la maji. Kifyatulio ni komeo la mlango. Na kinachovuta hilo komeo kwa nguvu ligonge risasi? Mkanda wa raba ya tyubu. Zilikuwa hatari hata kwa mwenyewe, maana bomba lingeweza kupasuka usoni. Lakini ukiiangalia vizuri, hiyo ni feya iliyokua ikawa mtu mzima.

Na adhabu yake ilikuwa kifo. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956, kosa lililompeleka kitanzini lilikuwa kupatikana na bastola bila kibali. Akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Nchi moja, miaka ileile: mwingine akishika bunduki ni zawadi ya baba, mwingine akishika ni kamba.

Sisi tuliozaliwa baada ya 2000 tulikuwa na mbili. Feya ya kutengeneza, tyubu unapewa na fundi wa baiskeli ukimsumbua vya kutosha, mawe unaokota kando ya Sosiani. Na ile bunduki ya plastiki ya Krismasi, yenye virisasi vya duara vya rangi, inayoharibika kabla ya mwaka mpya. Nilikuwa nazo zote. Ile ya plastiki tulichezea polisi na majambazi kwa ploti, na kuna mama jirani hakuwa anaipenda. Siku moja alitoka, akaichukua mkononi mwangu, akaiweka juu ya tangi la maji. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hapa, mtoto wangu, hatuelekezei mtu." Tulimuona ni mkali bure.

Hesabu nimekuja kuifanya nikiwa mkubwa. Hiyo ilikuwa miaka michache tu baada ya mwanzo wa 2008. Kanisa la Kiambaa liliteketezwa tarehe 1 Januari mwaka huo, hapa hapa karibu na mji. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima, na 405 kati yao vilitokana na risasi. Huyo mama hakuwa anaona plastiki.

Halafu kumbuka mji wetu una kiwanda cha serikali cha kutengeneza risasi. Tunapita karibu na hiyo barabara kila siku na hakuna anayeshtuka. Na Juni 2024 rika langu lilitoka barabarani na simu na chupa za maji, na wengine hawakurudi nyumbani. Sisi bunduki tunaijua zaidi kwa upande wa mbele.

Ndio maana naona ile stori tamu ya Marekani hatuwezi kuikopa vile ilivyo. Yule mzee anakumbuka mkebe. Hapa kwetu ukikumbuka bunduki ya utotoni, unakumbuka pia nani aliruhusiwa kulenga na nani alilengwa. Sisemi tuache kukumbuka. Mimi feya naipenda mpaka kesho, kwa sababu hatukuuziwa na mtu, tulijitengenezea. Nasema tu tukumbuke yote.

Kama una mzee nyumbani, muulize leo: kitu chako cha kwanza cha kulenga kilikuwa gani, na ulikitoa wapi? Atacheka kwanza. Ngoja amalize kucheka, kisha mrekodi kwa simu.