Fremu ya Karboni na Mzee wa Gesi

Nimepotea kidogo, testi zilinibana. Leo nina stori ya baiskeli, ila msikimbie, ndani yake kuna historia (si mnaijua kozi yangu).

Basi bwana, mnaikumbuka ile baiskeli ya karboni aliyonitumia kaka yangu kutoka ng'ambo? Juzi nilikuwa nashuka nayo kutoka chuo kwenda mjini, mbwembwe kibao, nikaingia mtaroni. Mimi nilichubuka goti tu. Fremu ikapata ufa kwenye bomba la chini, jirani na pedeli.

Nikaisukuma mpaka kwa fundi mmoja mzee anayefanyia kazi chini ya mti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete tuone."

Akaigonga taratibu kwa sarafu. Penye uzima ililia ti ti, penye ufa ikalia du. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, hii siyo chuma. Nikiwasha gesi hapa naiunguza tu. Fundi wake hajafika bado."

Jamani, hilo neno "hajafika" lilinikosesha usingizi. Kwani fundi wa chuma alifika lini?

Jibu ni kwamba alikuwepo. Kabla Reli ya Kati haijafika Dodoma mwaka 1910, wahunzi wa Unyamwezi na Ufipa walikuwa wakiyeyusha chuma wenyewe na kufua majembe. Baiskeli walizopanda babu zetu, Raleigh za Nottingham, Phoenix za Shanghai, na baadaye Swala ya NABICO, kampuni ya umma ya hapa hapa Tanzania, zote zilikuwa za chuma. Mabomba ya Raleigh za zamani yalichomekwa kwenye soketi, yakashikwa na shaba iliyoyeyushwa. Likiachia, unalipasha moto tena. Mgeni alikuta wenyeji wanaoijua lugha yake.

Karboni imepita njia nyingine kabisa. Miaka ya 1960 wanasayansi wa Farnborough, Uingereza, walitengeneza nyuzi zake imara kwa ajili ya ndege. Mwaka 1986 Mmarekani Greg LeMond alishinda Tour de France juu ya fremu ya karboni ya Look. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yakaja Kigali, mara ya kwanza Afrika, na karboni ikapita hapo jirani kwetu. Huku kwetu inakuja mojamoja, kama zawadi, bila fundi wake.

Na kumbe inatibika! Unasugua kwa msasa kuzunguka ufa, tabaka kwa tabaka (vaa barakoa, vumbi lake baya). Unaweka vitambaa vipya vya karboni vilivyolowa epoksi, nyuzi zikifuata mwelekeo wa zile za zamani, kila kipande kipana kuliko cha chini yake. Unafunga kwa kubana sana, unaacha ikauke, unasugua tena, unapaka rangi. Hakuna moto wa gesi hata kidogo.

Rumeti wangu akasema, si tuipeleke kwa fundi wa bodi, mbona wanaziba bampa kwa faiba kila siku? Tukaenda. Yule fundi aliitazama kwa muda mrefu, akasema kazi ya gundi na kitambaa anaiweza, tena vizuri. "Lakini bampa halibebi mtu, mdogo wangu. Hii ikikatika ukiwa kwenye mteremko, nitamwambia nini mama yako?"

Nilimheshimu sana. Hela ningempa, na angeweza kuichukua.

Kwa hiyo fremu inaning'inia ukutani hosteli, na kaka nimemwambia ukweli. Ila nimeondoka na kitu: tayari Dodoma kuna mmoja anayesikia ufa kwa sarafu, na mwingine anayejua gundi na kitambaa. Wako mitaa miwili tofauti na hawajawahi kukutana. Bumu likitoka nitawanunulia soda wote wawili, meza moja.

Tupo pamoja!