May French Sheldon na Safari Isiyosimuliwa

Katika orodha za wanawake waliotangulia kusafiri bara la Afrika, jina la May French Sheldon halikosekani. Mwaka 1891 Mmarekani huyu aliongoza msafara wa wapagazi zaidi ya mia moja kutoka pwani hadi Kilimanjaro, bila mumewe. Alilizunguka Ziwa Chala kwa chombo kidogo, na wapagazi wakamwita Bibi Bwana. Kisha akaingia miongoni mwa wanawake 22 wa kwanza kupokewa katika Royal Geographical Society ya London mwaka 1892 na 1893, kabla wanaume wa chama hicho hawajaufunga mlango tena hadi 1913. Sifa hizo ni haki yake. Lakini wanaomsifu huishia Kilimanjaro, ilhali sisi Wakongomani tunamdai hesabu ya safari nyingine.

Mwaka 1903 alikuja katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Alisafiri kwa meli za serikali na za kampuni, akaona alichoonyeshwa. Mwaka 1905 aliwaandikia wasomaji wa gazeti la The Times kwamba ukatili aliouona katika mitaa ya London ulizidi ule wa Kongo. Baadaye mfalme akawa anamlipa faranga 1,500 kwa mwezi ili awashawishi wabunge wa Uingereza.

Yapo maelezo kwamba alidanganywa na wenyeji wake. Siyakubali. Ripoti ya konsuli wa Uingereza Roger Casement kuhusu ukatili wa Kongo ilikuwa imechapishwa tangu Februari 1904. Ilijulikana kwamba walinzi wa kampuni za mpira waliwafungia wanawake kama mateka mpaka waume zao watoke msituni na utomvu wa kutosha. Aliyejivunia kuthibitisha uwezo wa mwanamke aliwakana wanawake hao hadharani.

Tena, mwanamke mwingine alikuwa Kongo wakati huohuo. Mei 1904, kwenye misheni ya Baringa, mmisionari Alice Seeley Harris alifikiwa na mtu aitwaye Nsala, aliyebeba furushi la majani. Ndani mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano aliyeuawa na walinzi hao. Alice alimketisha barazani, akaviweka viungo hivyo mbele yake, akapiga picha. Picha hiyo ilionyeshwa Uingereza na Marekani katika kampeni iliyochangia Leopold kunyang'anywa Kongo mwaka 1908. Alice hakugundua mlima wala ziwa, lakini kwangu mimi ndiye aliyeiona Kongo.

Kwetu Walungu, katika Kivu ya Kusini, haikuwa nchi ya mpira. Hadi 1910 Wajerumani walikuwa bado wanaigombania Kivu. Hata hivyo, suala la nani asadikiwe linatuhusu. Tangu vita vya miaka ya 1990 tumepokea wageni wengi wa kuandika habari zetu. Mama anayepanda kilima kutoka soko la Mugogo, gunia mgongoni na kamba ikimkaza kwenye paji la uso, hupigwa picha mara nyingi kuliko anavyoulizwa neno.

Nawaomba walimu wa historia wa Kivu wamfundishe Sheldon kwa safari zake zote mbili, na katika somo hilohilo watamke majina ya Nsala na Boali.